Jibu kwa dada wa Moshi: yoga ni dini? Na naanzaje?

Dada, umeuliza kama yoga ni dini, na kama itasaidia mgongo wako wa kushinda kwenye cherehani hapo Moshi mjini. Asili yake ni India ya kale, na imekulia ndani ya Uhindu, tusifiche. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake kuunganisha. Zamani uzito ulikuwa kwenye kutafakari; hii mikao mingi tunayoiona leo ilishika kasi karne ya 20. Ukitaka kunyoosha mwili tu, hakuna anayekudai ibada.

Mkeka wa ukindu unatosha. Piga magoti, viganja chini. Vuta pumzi ukishusha tumbo, toa pumzi ukipandisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Mara nane, polepole. Kisha kalia visigino, paji la uso liguse mkeka, upumue tu (mimi hapo husinzia). Julai baridi ya mlimani inakaza misuli, kwa hiyo tembea kidogo kwanza. Maumivu sugu ya kiuno hupungua kiasi kwa wengi, si muujiza. Ila ganzi ikishuka mguuni, acha, nenda hospitali.