Pointi 30 halafu -14, inawezekanaje?

Mkuu, umeuliza inakuwaje mchezaji wa kikapu amefunga pointi 30 halafu kwenye ile safu ya mwisho ya takwimu (+/-) kaandikiwa -14. Wala hawajakosea. Ile namba sio ya kwake peke yake, ni tofauti ya pointi kati ya timu yake na wapinzani dakika alizokuwa uwanjani, yani akiingia mnaongoza kwa 5 akatoka mko nyuma kwa 9 basi hapo kala -14 hata kama yeye ndo kafunga zote. Kwa mechi moja mi huwa siiamini sana, inategemea mno alicheza na kina nani.

Ushauri wangu, kabla ya pointi angalia katupa mara ngapi. 30 kwa mitupo 27 sio sawa na 22 kwa mitupo 13, huyu wa pili ndo ningemchukua mimi. Kobe Bryant wa Lakers alipofunga 81 mwaka 2006 aliingiza mitupo 28 kati ya 46, na mitupo huru 18 kati ya 20, hapo sasa huna cha kubisha.

Kwa timu nenda kwenye mipira waliyopoteza, ribaundi za kushambulia (mipira wanayoidaka baada ya mtupo wao wenyewe kukosa), na mitupo ya pointi tatu. Houston Rockets wa NBA 2018, mechi ya 7 ya kuamua fainali ya kanda ya magharibi na Golden State, walikosa mitupo ya pointi tatu 27 mfululizo, wakamaliza 7 kati ya 44 na bado wamefungwa kwa tofauti ya 9 tu 😅