Mota ya gurudumu inachemka na kumisi: kabla hujanunua ya wati kubwa

Mkuu uliyeuliza kama ung'oe mota ya wati 1,500 iliyo ndani ya gurudumu uweke ya 3,000, kwa kuwa pikipiki yako ya umeme inachemka ukipakia na kumisi, yaani kukatakata mwendo, mvua ikinyesha hapa Tanga: usinunue bado. Hayo ni matatizo mawili, na la pili utalihamishia hata kwenye mota mpya.

Tuanze na joto. Nguvu ya kusukuma inafuata ampia za fezi (umeme unaopita kwenye nyaya tatu nene za mota), ila joto la koili linafuata mraba wa ampia hizo. Ukishusha kwenye kontrola, kile kisanduku kinachogawia mota umeme, kutoka ampia 40 hadi 30, unapoteza robo ya nguvu, lakini joto la waya linabaki asilimia 56 tu. Tena shaba ikipata moto ukinzani wake hupanda, takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1, kwa hiyo mota iliyokwisha chemka inazidi kujichemsha yenyewe. Bandika sensa ya joto ya kiloomu 10 katikati ya koili kwa epoksi, kontrola ianze kupunguza ampia kwenye nyuzi 110 na kukata kwenye 130. Sumaku za daraja la kawaida, ambazo ziko kwenye ganda na si kwenye koili, huanza kupoteza nguvu karibu na nyuzi 80, na zikishapoteza hazirudi zikipoa. Ukiwa unanunua, ulizia sumaku za daraja la SH, zinazovumilia hadi 150, na stata (kiini cha chuma kinachobeba koili) ya bati za milimita 0.35 badala ya 0.5, hasara ya mikondo ya ndani ya chuma inashuka karibu nusu.

Kama mota haina gia ndani, kuna kimiminika chenye chembe za sumaku kinachotiwa mililita 5 hadi 10. Kinakaa kwenye mwanya kati ya stata na sumaku na kupeleka joto kwenye ganda la nje. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Wako wanaotoboa vifuniko ili upepo upite. Bara sawa, lakini kwa anayeshinda Raskazone au barabara ya Pangani ni kuialika chumvi ndani, na bati za stata zitashika kutu mpaka zikwaruze sumaku.

Kumisi sasa. Mota ya moto ikimwagiwa maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la waya kwenye ekseli. Maji hayo yanaua sensa za hall, zile tatu zinazoiambia kontrola gurudumu limefika wapi. Pima kwa mita: washa, hakikisha volti 5 kati ya waya mwekundu na mweusi, kisha zungusha gurudumu polepole ukigusa wa njano, kijani na bluu mmoja mmoja. Kila mmoja upande na kushuka kati ya 0 na karibu 5. Usiobadilika, sensa yake imekufa, au plagi ina kutu. Safisha plagi kwanza.

Ukifungua, weka alama ya kifuniko na utumie pula (kifaa cha kuvutia kifuniko), maana sumaku hizo zinavunja vidole. Badilisha sensa zote tatu, paka varnishi ya mota kwenye koili na maungio, weka beringi za 2RS, zenye sili za mpira pande zote mbili. Tundu la ekseli lizibe kwa silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu hiyo inakula shaba. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye ekseli ili maji yadondokee nje, na pikipiki isioshwe kabla mota haijapoa.

Kama safari zako ni za kupanda Amani na mzigo, hapo ushauri unabadilika: chukua mota ya katikati, inayofungwa kwenye fremu na kuzungusha gurudumu kwa mnyororo. Mota ya gurudumu ikipanda polepole, sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto, hata iwe ya wati 3,000.