Umehamisha lethi ya CNC? Anza na stima na sakafu, kompyuta ije mwisho

Lethi ya CNC, yaani mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta, ilikuwa ikikereza vizuri Shimanzi, Mombasa. Ikapandishwa lori, ikavuka Makupa, ikashushwa Miritini, na sasa haitaki kufanya kazi. Katika hali hii mtu wa kwanza kuitwa huwa na jibu tayari: "Kompyuta imekufa, nunua bodi." Mimi nakuomba usitoe hata shilingi kwanza. Kama mashine ilikuwa nzima kabla ya kung'olewa, shida karibu kila mara iko kwenye kile kilichoguswa na safari, yaani stima mpya, sakafu mpya, nyaya zilizofunguliwa na kufungwa tena, na vitu vilivyotikisika njiani. Nimewasaidia wenzangu kadhaa kuhamisha mashine za miaka ya 1980 na 1990, zile zinazotujia zikiwa zimeshatumika Japani au Ulaya, na sijaacha utaratibu huu.

Kabla hata ya kuunganisha waya, soma kibati cha mashine. Stima yetu ya fezi tatu hapa Kenya ni volti 415, hezi 50. Mashine nyingi za Kijapani zinataka volti 200 au 220, kwa hiyo zinakuja na transfoma yake, na mara nyingi transfoma hiyo husahaulika kwenye karakana ya zamani au hufungwa upya kwenye tepu (kituo cha volti cha transfoma) isiyo yake. Mashine ya Ulaya iliyoandikwa 380 ukiipa 415 umeizidishia karibu asilimia 9. Huenda ikawaka, lakini sehemu zake za umeme zitakuwa zikichemka kila siku. Kazi hii mpe fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), nawe usimame karibu uone vipimo. Apime fezi zote tatu, moja dhidi ya nyingine, mashine ikiwa imezimwa, kisha apime tena wakati spindo (mhimili unaozungusha chuma kinachokerezwa) inapanda kasi. Hapo ndipo waya mwembamba au kiungo kilicholegea hujionyesha, maana volti huporomoka ghafla na mashine hutoa alamu (onyo kwenye skrini) ambayo ukiisoma peke yake utadhani sevo (mfumo wa mota zinazosogeza zana) imeharibika.

Jambo la pili la stima ni mpangilio wa fezi, na hili ndilo linalotesa watu kuliko yote. Fezi zikiingia kinyume, skrini inawaka vizuri kabisa, lakini pampu ya haidroliki inazunguka kinyumenyume. Presha haipandi, chaki inayoshika chuma haibani, tareti inayobeba zana haigeuki. Kuna spindo za zamani za mota ya DC ambazo hukataa kabisa kufanya kazi mpangilio ukiwa hivyo. Washa pampu kwa sekunde moja tu, uangalie mshale uliochorwa kwenye mota. Ikizunguka kinyume, zima mara moja, kwa sababu pampu haivumilii kuzunguka bila mafuta. Kisha badilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu pale stima inapoingilia mashine. Usibadilishe kwenye mota ya pampu peke yake, kwani utakuwa umeficha tatizo na mota nyingine zitabaki kinyume.

Usisahau aithi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Sehemu kubwa ya Mombasa chini kuna mwamba wa matumbawe, na fundi mwenye haraka hupigilia nondo fupi, ikagonga jiwe, akaridhika. Aithi ipimwe kwa kifaa chake, isikisiwe kwa macho. Aithi mbovu huzaa alamu za ajabu zinazokuja na kuondoka bila mpangilio, na hizo ndizo zinazomfanya mtu abadilishe bodi nzima zisizo na kosa.

Sasa fungua kabati la umeme, stima ikiwa imezimwa. Usiguse kitu hadi dakika kadhaa zipite na mita ithibitishe kwamba kapasita zimemaliza chaji. Hewa yetu ina chumvi, na mashine iliyokaa yadini wakati wa masika ikisubiri lori itakuwa na kutu ya kijani kwenye viunganishi. Chomoa kila kiunganishi, kisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kirudishe mpaka kikae sawasawa. Kabla ya kugusa bodi, shika chuma cha kabati ili mwili wako utoe umeme tuli. Kwa wenye Fanuc 0 (aina ya kompyuta ya CNC), alamu 401 baada ya kuhama inasema sevo hazijawa tayari. Anza na fyuzi, volti inayofika kwenye sevo, mzunguko wa swichi ya dharura na kebo iliyolegea.

Betri nayo ni roho ya mashine hizi. Fanuc 0 hutunza parameta (namba za mpangilio wa mashine) kwa betri tatu kubwa za tochi, na hizo hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Ukizitoa ikiwa imezimwa, kumbukumbu inaweza kufutika. Kwa hiyo kabla ya kuhama, weka betri mpya, halafu tafuta karatasi za parameta, ambazo aghalabu hukaa kwenye mfuko ndani ya mlango wa kabati, na uzipige picha ukurasa kwa ukurasa. Karatasi hizo ni za mashine yako peke yake. Za jirani mwenye mashine ya aina hiyo hiyo hazitoshi.

Vyuma vya kufungia tareti na telistoki (kishikio cha mwisho wa pili wa chuma) wakati wa safari, ambavyo mara nyingi hupakwa rangi nyekundu au ya manjano, viondolewe vyote kabla ya kusogeza mhimili wowote. Piga pampu ya mafuta ya reli ambazo sehemu za mashine huteleza juu yake, kwa mkono, mpaka uone mafuta yakitoka, kwa maana bomba hujaa hewa mashine ikikaa.

Ukifika hatua ya kurudisha mashine kwenye sifuri yake, nenda polepole, mkono uwe karibu na swichi ya dharura. Kile kipande cha chuma kinachoiambia mashine ianze kupunguza mwendo kikisogea kidogo tu, sifuri inaweza kuhama kwa mzunguko mzima wa skrubu. Skrubu yenye hatua ya milimita 10, yaani inayosogeza milimita 10 kwa kila mzunguko, itakupotezea milimita 10 kamili. Ukiona kosa linalolingana na hatua ya skrubu, shida iko hapo. Usianze kuchezea ofseti, yaani vipimo vya zana vilivyo kwenye kompyuta.

Sasa sakafu, na hapa nasihi subira. Zege jipya lipewe siku zake 28. Mashine ikae juu ya bamba za chuma, si vipande vya mbao. Pimamaji ya seremala haifai. Unahitaji ile ya mafundi wa mashine, yenye kipimo cha milimita 0.02 kwa mita, uiweke kwa urefu na kwa upana, karibu na chaki na mbali nayo. Kitanda kikipinda hata kidogo, mashine itakereza kipande chembamba upande mmoja. Kulijua hilo, funga chuma kinene cha milimita 50 bila telistoki, kitokeze takriban milimita 150, acha pete mbili zilizoinuka kwenye chuma hicho, moja kila mwisho, uzipitishe mkato mwepesi, kisha uzipime kwa maikromita. Tofauti ikiwepo, rekebisha mguu wa upande wa telistoki kidogo mno, kereza tena, pima tena. Spindo iwe imepashwa moto kwanza, la sivyo vipimo vya asubuhi na vya adhuhuri havitakubaliana.

Baada ya wiki mbili za kazi, rudia pimamaji, kwa sababu sakafu hukaa taratibu chini ya uzito. Katika wiki hizo kubali kazi za pini za trela na bushi za kawaida. Mteja akileta shafti ya meli kutoka Kilindini, mwambie asubiri mpaka pete zile mbili zitoke sawa.