Vinci imenunua barabara za Ufaransa?

Umeuliza kama Vinci, kampuni kubwa ya ujenzi ya Ufaransa, imenunua barabara kuu za nchi hiyo. Hapana, barabara zenyewe bado ni mali ya serikali. Ilichonunua mwaka 2006 ni hisa za serikali katika ASF, kampuni yenye mkataba wa kuendesha sehemu ya barabara hizo. Inakusanya tozo, inakarabati lami, na mkataba ukiisha 2036 inazikabidhi. Tozo nayo haijipangii tu inavyotaka, hupanda kwa kanuni iliyomo mkatabani.

Mimi naona reli ndiyo yenye utamu. Ile ya treni za kasi Tours–Bordeaux, kilomita 302, ilifunguliwa 2017 na iko chini ya LISEA, kampuni yenye mkataba wa kuiendesha, ambamo Vinci ilikuwa mbia tangu mwanzo. Huko tozo hulipwa na kampuni ya treni, kila treni inapopita. Hela inatoka kwenye tiketi ya abiria, bila shaka.