Laptop yangu inakataa programu, nifanyeje?

SWALI: Ugonile kaka. Nina steshenari ndogo hapa Tukuyu, nachapa barua, natoa kopi, napiga na picha za pasipoti. Juzi nimechukua laptop mpya pale Mwanjelwa, bei ilikuwa poa nikaona nisiiache. Sasa nikiweka programu ya printa kutoka kwenye flashi inagoma, inasema kwa usalama inapokea za Microsoft Store tu, hata Chrome haitaki. Fundi anasema mpaka apige window upya, elfu hamsini, na mafaili yote yataondoka. Ni kweli? Na kama hela nimetoa mimi, nani tena ananipangia cha kuweka?
Mama wa steshenari, Tukuyu

JIBU: Ndaga fijo dada, na huyo fundi usimpe hata mia. Laptop yako ni nzima, ila imefungwa kwenye kitu kinaitwa S mode. Microsoft waliileta 2017 wakati huo ikiitwa Windows 10 S, walilenga sana mashule, na kazi yake ni kuzuia programu yoyote ambayo haijapitia dukani kwao, yaani hiyo Microsoft Store. Kutoka humo ni bure na mafaili yako hayaguswi. Washa bando, ingia Settings, halafu System, halafu Activation, tafuta palipoandikwa Switch to Windows 11 Home (au Pro, inategemea na yako), bonyeza Open Store, duka likifunguka bonyeza Get, ikidai akaunti ya Microsoft ingia nayo, basi. Angalia tu usibonyeze pale penye Upgrade your edition, hiyo ni habari nyingine ya kulipia. Na ujue ukishatoka hurudi tena S mode.

Hilo swali lako la mwisho ndo linaniuma hata mimi. Duka lenyewe sina ugomvi nalo, tena kwa mtu wa steshenari anayechomekewa flashi za wateja kutwa nzima, kuchujiwa programu ni msaada kweli, ila ufunguo wa mlango uwe kwa mwenye nyumba. Wewe angalau mlango unao. 2012 Microsoft walitoa Windows RT, ile programu za kutoka nje ya duka ilikuwa haipokei na hakukuwa na pa kutokea, watu hawakuitaka ikafa. iPhone nayo tangu duka lake lifunguliwe 2008 ni hilohilo moja, na wenye programu wanakatwa mpaka asilimia 30 ya wanachouza humo, Ulaya imebidi sheria iwabane ndo 2024 wakaruhusu maduka mengine huko, sisi huku Mbeya bado. Ubuntu na wenzake wa Linux, mifumo ya kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, wana ghala lao la programu pia, tena zuri, lakini ukitaka kuongeza chanzo kingine unaongeza mwenyewe, hakuna wa kukuuliza, na mimi naona hivyo ndivyo kompyuta zote zingetakiwa kuwa.

Ukishatoka S mode programu ya printa ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza hiyo printa, achana na ile ya kwenye flashi maana hujui imepita wapi. Na siku ukinunua nyingine, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji afungue Settings, System, About, mstari wa Edition ukisomeka S mode aitoe hapohapo mbele yako kwa bando lake.