Siku ya kufika ndio ina kazi: kwa vijana wa huku Kisumu mnaotaka kuwa kruu, yaani wafanyakazi wa chombo, baharini

Naona vijana wa Dunga na Mbita wanauliza tena venye mtu anaweza kupata nafasi kwa zile yoti za matanga zinatoka Seychelles zikija pwani yetu, na kila mwenye anajibu anaongea tu kuhusu kutapika na mawimbi. Sawa, utatapika, siku mbili tatu inaisha, tangawizi inasaidia kiasi, tuendelee. Mimi nataka kuongea kuhusu kufika, ju hapo ndio nimeona kruu mzuri kabisa, amefanya zamu zake zote bila kulalamika, anageuka abiria ghafla siku ya mwisho.

Kutoka Mahé, kile kisiwa kikubwa cha Seychelles, mpaka Mombasa ni karibu maili 950 za baharini. Yoti ya kawaida inaenda noti 5 au 6, yaani maili 5 au 6 za baharini kwa saa, kwa hivyo ni wiki moja hivi upepo ukikubali, na mara nyingi chombo chenyewe kimetoka mbali zaidi na wewe unaingia tu kipande cha mwisho ju wengine wamechoka wakashuka. Hata wale wanavuka Atlantiki, Las Palmas mpaka Saint Lucia karibu maili 2,700, watakwambia hivi hivi: huko katikati hakuna kitu ya kugonga. Miamba, nyavu, meli kubwa zinapanga foleni ya bandari, zote ziko karibu na nchi kavu, na unazifikia ukiwa umechoka kuliko siku yoyote ya safari.

Halafu kuna simu. Netiweki inashika kabla hujaona hata mnazi mmoja, na hapo kila mtu ako chini kwa kabini anatafuta chaja, mama anataka kujua uko wapi, Whatsapp inalia mfululizo. Nani anaangalia mbele? Kama zamu ni yako simu ikae chini, hata kama mwenye mashua mwenyewe ameshika yake. Sisi watu wa ziwa tumezoea taa za omena usiku, unaziona kama mji, lakini kule pwani mvuvi anaweza kuwa kwa ngalawa bila taa hata moja na hatakuona mpaka uko juu yake.

Kitu nyingine ya kusahau ukitoka huku ni tabia ya maji. Ziwa letu halina kupwa na kujaa, Mombasa wakati wa bamvua, zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo mlango, yaani ile nafasi ya kuingilia kati ya miamba, wenye ulipita vizuri saa nne, saa kumi ni hadithi tofauti. Na kuna mkondo. Wakati wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, Aprili mpaka Septemba hivi, mkondo wa pwani unaenda kaskazini kwa nguvu, unaweza kufika noti 4, na upepo unasukuma huko huko. Ndio maana utaona skipa, nahodha wenu, analenga kusini ya pale mnaenda, na kijana mgeni anadhani jipiesi imeharibika. Haijaharibika. Mkipitwa na mlango wa Kilifi mkajipata juu kaskazini, kurudi chini mkipigana na upepo na mkondo pamoja ni kazi ya siku nzima na hakuna mtu atakuwa na furaha.

Jua pia. Pwani yetu inaangalia mashariki, kwa hivyo asubuhi jua liko nyuma yenu na mwamba unauona vizuri chini ya maji, rangi inabadilika kahawia. Jioni jua linakupiga machoni na maji yote yanang'aa, huoni kitu. Kwa hivyo mkifika usiku ama jioni na mlango hamuujui, skipa mwenye akili atasema tungoje nje. Hapo ndio kruu hununa aki, mataa ya hoteli unayaona, umetamani soda baridi siku zote hizo, halafu unaambiwa bado. Kungoja ni hivi: tanga la mbele linageuzwa lishike upepo kinyume, usukani unafungwa, chombo kinatulia. Lakini kutulia si kusimama, mkondo bado unawabeba, na zamu inaendelea kama kawaida. Usimsumbue skipa kwa maneno ya "si tuingie tu". Uamuzi ni wake na mtu akimshinikiza akiwa amechoka anaweza kukubali.

Huo muda wa kungoja utumie. Washa injini mapema ujue inafanya kazi, si pale mlangoni. Nanga itolewe kamba zile ilifungiwa baharini, mnyororo uwe huru, fenda, yale maboya ya kukinga ubavu wa chombo, na kamba za kufungia gati ziwe juu tayari. Pika kitu cha kushiba kabla, ju mtu mwenye njaa hasikii maagizo. Na kama si zamu yako, lala, hata kama una msisimko.

Mkishafika hamjafika bado, kisheria. Bendera ya njano inapandishwa na hakuna kruu anashuka mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wamalize, kawaida skipa pekee ndio anaenda na makaratasi. Hapo rafiki zako wako gatini wanakuita na huwezi kuenda, vumilia. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziweke kwa mfuko usioingia maji, mahali moja, tangu siku ya kwanza. Ukiwa kruu jina lako liko kwa orodha ya chombo na skipa ndio anajibu juu yako, kwa hivyo ukitaka kubaki ama kushuka nchi nyingine mwambie mapema, si ukiwa na begi mgongoni.

Ardhi itakuyumbisha siku kadhaa, haswa ukiwa bafuni umefunga macho. Ni kawaida.

Sasa hii shikeni: usiondoke kabla ya usafi kuisha na skipa kukuandikia barua ya kuonyesha ulifanya hiyo safari. Kuosha chumvi, kukausha matanga, kutoa takataka, hiyo ndio skipa anakumbuka akiulizwa kama wewe ni mtu wa kuitwa tena. Barua iwe na jina na urefu wa chombo, tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, maili, ulifanya kazi gani, na sahihi yake. Wengi wao wanapanda ndege siku chache baadaye na kumpata kwa simu baada ya hapo ni shida. Pesa mlikubaliana kabla ya kung'oa nanga, si ndio? Kama makubaliano ilikuwa chakula na nauli ya kurudi Kisumu, basi omba hiyo nauli siku hiyo hiyo, kwa adabu, kabla hamjaanza kuagana.