Hakuna Daktari wa Kumpigia Simu

Karatasi niliyokabidhiwa pale kaunta ya kituo cha mtihani ilikuwa na maneno mengi, lakini macho yangu yaliganda kwenye namba moja: 331. Wa kufaulu ni 350 kati ya 500. Nilikuwa na miaka kumi na moja kwenye uuguzi, saba kati ya hiyo nikihudumia wagonjwa mahututi, na shahada ya uzamili niliyoimaliza bila kurudia somo hata moja. Nilikaa ndani ya gari injini ikinguruma, siendi popote, nikijiuliza nitawaambia nini nyumbani.

Namwandikia muuguzi mwenzangu aliyeko Marekani anayejiandaa kwa mtihani wa muuguzi mtabibu wa familia, yule anayempima mgonjwa, anatambua ugonjwa na kuandika dawa kwa jina lake mwenyewe. Wakunga, wauguzi wa ganzi na wauguzi mabingwa wa kliniki wana mitihani yao. Mimi naongea juu ya huu nilioufanya mara mbili.

Kwanza uchague mlango, maana iko miwili: bodi mbili zinazotoa mtihani huu na cheti chake, ANCC na AANPCB. Niliposajili mimi, ANCC walikuwa na maswali 175 kwa saa tatu na nusu, na 25 kati ya hayo hayahesabiwi, yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ya baadaye. AANPCB walikuwa na 150 kwa saa tatu, 15 hayahesabiwi. Huwezi kujua ni yapi, kwa hiyo usipoteze muda kubahatisha. Piga hesabu utaona kote kote unapata sekunde 72 kwa swali. Tofauti iko kwenye chakula chenyewe. AANPCB wanakaa kliniki mwanzo mwisho: kupima, kutambua, kupanga tiba, kufuatilia. ANCC wanachanganya na utafiti, maadili, sera za afya na uboreshaji wa huduma, na maswali mengine yanakutaka uchague majibu kadhaa kwa pamoja au upange vitu kwa kuviburuta. Cheti cha huku na cha kule kina uzito uleule kazini. Watu wanabishana sana eti upi ni mwepesi. Ubishi huo nimeuacha. Nilichagua ANCC kwa sababu nilidhani siku moja nitafundisha. Kabla ya kulipa, soma mwongozo wa mtahiniwa wa mwaka wako wewe, kwa sababu namba hizi huwa zinafanyiwa marekebisho.

Sasa nirudi kwenye 331.

Nilijua magonjwa. Kilichoniangusha ni mazoea ya wodini. Miaka yote ile mwili wangu ulifundishwa kitu kimoja: ukiona hatari, mtulize mgonjwa, chukua vipimo vyake, mpigie daktari. Ni tabia nzuri, imeokoa watu. Lakini kwenye mtihani huu daktari wa kupigiwa simu ni wewe, na waliotunga wanajua kabisa kwamba umetoka wodini. Kwenye majibu manne mara nyingi kuna moja linalosema mpeleke kwa bingwa, au subiri majibu ya kipimo, na mkono wangu ulikuwa unakwenda huko wenyewe kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani nyumbani kwake.

Swali moja la mazoezi ndilo lililonifumbua macho, wiki ya pili baada ya kufeli. Bibi wa miaka 72, kichwa kinamuuma upande mmoja tangu wiki tatu, akichana nywele panja linauma, akitafuna taya linachoka. Jana jicho moja liliingia giza dakika chache likarudi. ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, iko juu sana. Ufanye nini kwanza? Nikachagua kumpeleka akakatwe kipande cha ateri ya panja kithibitishwe. Ugonjwa, yaani uvimbe wa ateri ya panja, nilikuwa nimeutambua sawasawa! Na kipimo hicho kweli kinahitajika. Lakini jibu lilikuwa kumwanzishia steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya dozi kubwa hapo hapo, kwa sababu ukingoja mkasi wa daktari bibi anaweza kupofuka, na jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu kwa kawaida halirudi. Kipimo kinafuata wakati dawa tayari iko tumboni. Nililisoma jibu lile mara nne. Nilikuwa nimemngojesha bibi wa watu kwa sababu nilitaka mtu mwingine atie sahihi.

Tangu siku hiyo nikaweka kanuni yangu: jibu la kumpeleka mgonjwa kwingine nisilichague mpaka nijiulize kama kuna jambo ambalo mimi, nikiwa na kalamu ya dawa mkononi, napaswa kulifanya kabla hajatoka mlangoni. Wakati mwingine halipo, na kumpeleka ndilo jibu. Mtoto wa siku 20 mwenye homa ya nyuzi 38 haandikiwi dawa ya kunywa akarudi nyumbani, anakwenda hospitali. Ila hapo unampeleka kwa sababu unajua anachofuata, na hiyo ni hali tofauti na kukwepa.

Jambo la pili lililonisaidia linaweza kuonekana la kitoto. Maswali haya ni marefu na yamejaa mapambo: kazi ya mgonjwa, mbwa wake, mapigo ya moyo ya kawaida, dawa ya mzio anayotumia kila msimu wa maua. Ukisoma Kiingereza kirefu kwa kasi, na Kiingereza si lugha uliyonyonya nayo, mapambo yanakula sekunde zako. Nikaanza kusoma sentensi ya mwisho kwanza, nijue naulizwa utambuzi, kipimo au tiba, kisha narudi juu na kulisimulia swali kwa Kiswahili kama namweleza shangazi kwenye simu. "Baba wa miaka 58, anakohoa kikavu mwezi sasa, mapafu safi, na presha alianzishiwa dawa mwezi uliopita." Ukishalisema hivyo, mbwa ametoweka na lisinoprili, ile dawa ya presha, imebaki peke yake mezani. Kikohozi ni cha dawa, mbadilishie losatani, dawa ya presha ya kundi jingine. Lakini angekuja midomo na ulimi vimevimba, hapo ni dharura, na dawa za kundi la lisinoprili hazigusi tena maishani. Shangazi akishaelewa swali, wewe ulishalielewa kitambo. Mwanzoni nilikuwa natumia dakika mbili kwa swali, mwezi wa pili nikashuka hadi sekunde 50 hivi.

Halafu kuna daftari. Mara ya kwanza nilisoma kwa kupaka rangi: vitabu vyangu vilikuwa vya njano na pinki kama kanga za harusi. Mara ya pili nilifanya maswali 40 kila siku ya mapumziko, 20 siku za zamu, na kila nililokosa nikaliandikia sentensi moja tu: kwa nini nilichagua lile la uongo. Jibu sahihi sikuliandika, hilo lipo kitabuni. Baada ya makosa 140 nilikaa nikahesabu. Sitini na kitu nilikuwa nalijua jibu. Nilisoma vibaya neno la "kwanza", au nilitibu karatasi ya maabara badala ya mgonjwa, au nilimkimbilia bingwa. Hamsini hivi yalikuwa jozi zilezile za vitu vinavyofanana. Yaliyobaki ndiyo ujinga halisi, wa kutibiwa kwa kusoma. Kumbe muda wangu mwingi nilikuwa naupeleka kwenye kile kikapu kidogo kuliko vyote.

Hizo jozi zishughulikie moja moja, kwa sauti. Upungufu wa damu wenye seli kubwa: ni vitamini B12 au vitamini ya foleti iliyopungua? Ganzi ya miguuni na kuyumba vinakwambia B12, kwa sababu foleti ikipungua peke yake kwa kawaida haigusi mishipa ya fahamu. Na ukimpa foleti mtu mwenye upungufu wa B12, damu itapanda, utashangilia, huku mishipa inaendelea kuharibika. Seli ndogo: feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikiwa chini ni upungufu wa madini ya chuma, ikiwa ya kawaida na ukoo wake una historia ya upungufu wa damu fikiria thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sauti ya ziada ya moyo inayopanda shingoni ni vali ya aota iliyobana, ile inayokwenda kwapani ni mitrali inayovuja. Mimi nilikuwa nazichora kwenye kifua changu kwa kidole mbele ya kioo, mume wangu akipita anatikisa kichwa.

Vitabu vya kurithi vinahitaji tahadhari. Mwenzangu alinipa chake kwa roho safi, kina maelezo ya pembeni kwa mwandiko mzuri, na mle ndani uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana unaanza miaka 50. Jopo la kitaifa la Marekani la huduma za kinga liliushusha hadi 45 mwaka 2021. Wa saratani ya matiti ukashushwa mwaka 2024: kuanzia miaka 40, kila baada ya miaka miwili. Umri na vipindi vya uchunguzi ni alama za bure kwa aliyesoma mwongozo wa sasa, na ni mtego kwa mwenye kitabu cha zamani. Presha nayo hivyohivyo: kuna miongozo inayoiita ya juu kuanzia 130/80 na kuna inayokaa 140/90, kwa hiyo zingatia swali limemweka mgonjwa wapi. Mara nyingi watampa namba ambayo hakuna mwongozo unaoikataa.

Yale maswali ya sera na utafiti niliyadharau mara ya kwanza, na karatasi yangu ilionyesha wazi nilivyolipishwa. Wikiendi mbili zilitosha kuyarekebisha.

Sasa jambo dogo linaloweza kukurudisha nyumbani kabla hujagusa kompyuta: majina. Sisi tuna majina matatu, wengine manne, na kila ofisi imeyapanga ilivyopenda. Jina ulilojiandikishia mtihani lazima lifanane na la kitambulisho. Leseni yangu ya udereva ilikuwa na jina la ndoa, fomu ikabeba la baba. Niligundua siku tisa kabla, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, na siku nne kati ya hizo zilikwenda kwenye simu na barua pepe. Fungua pochi yako leo ulinganishe, herufi kwa herufi. Siku yenyewe utageuza mifuko nje, miwani itakaguliwa na simu itabaki kabatini, kwa hiyo usivae kama unakwenda kwenye sherehe.

Na zamu. Mtihani wa kwanza niliufanya saa mbili asubuhi, siku moja baada ya kutoka kwenye zamu tatu za usiku mfululizo. Kufika swali la tisini nilikuwa nasoma mstari mmoja mara tatu bila kuingia. Mtahiniwa aliyefeli ANCC anasubiri siku 60 kabla ya kurudia, na katika siku hizo jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kununua maswali mapya, ni kumfuata msimamizi wa ratiba na kumwomba usiku nne za kulala kitandani kwangu kabla ya tarehe mpya. Alikuna kichwa, akanipa tatu. Nikapanga mtihani saa saba mchana, saa ambayo mwili wangu wa mlinzi wa usiku huwa umeshaamka vizuri, nikala ndizi moja kwenye gari, na safari hii injini nikaizima.